Kaburi la Kupanga

Ambositra, 4 Oktoba 1996

Mwanangu Jato,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila goti la kulia limeamua kuzeeka kabla yangu. Baba yako naye hajambo; analalamika tangu alfajiri, na siku atakayoacha kulalamika ndiyo tutaita daktari. Dada yako Nivo amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mvua bado, lakini mabonde tumeshayatifua.

Asante kwa picha ya jengo la ubalozi. Nimewaonyesha majirani. Mama Lalao akaniuliza, "Jumba lote hilo, wanaishi wangapi?" Nikamwambia hakuna anayeishi humo, wanafanya kazi. Akauliza kazi gani. Nikamwambia nitakuuliza, maana hujawahi kuniambia.

Sasa neno lililonikalisha kuandika. Wazee wa ukoo wamekaa, na mtazama nyota ametoa siku: tarehe tisa Agosti mwakani tunafungua kaburi la kwetu. Tutawatoa waliolala, tutawavisha sanda mpya, tutacheza nao na kuwarudisha. Na safari hii nataka Belo awemo. Baba yako mdogo aliwapikia mabalozi watatu huko Vienna kwa miaka kumi na saba. Alipokufa Februari ya 1986 tuliambiwa atazikwa huko kwa muda mfupi, kisha ubalozi utamleta. Muda mfupi huo umemaliza miaka kumi. Kitanda chake cha jiwe kiko wazi, tumekiruka mara zote. Yule ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kuburuza miguu chini. Sitaki nilale mle ndani kabla yake.

Uliniandikia mwaka jana kwamba ulienda kumwekea maua. Umefanya vizuri. Basi niambie: kichwa chake kimeelekea wapi? Ni mashariki? Na jiwe lina jina lake lote?

Shangazi yako,
Ravao


Vienna, 21 Novemba 1996

Shangazi mpendwa,

Barua yako nimeipata jana katika mfuko wa ubalozi, ule unaopigwa lakiri wizarani na kuletwa kwa ndege mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita haukuja, kwa sababu afisa wa kuusindikiza alikuwa akimsindikiza mke wa mkurugenzi. Mpe Nivo pongezi zangu. Mimi mzima, tatizo baridi. Nimenunua koti la pili, nalivaa juu ya la kwanza.

Umeuliza kazi zetu. Tuko kumi na tisa kutoka nyumbani. Yupo Balozi na naibu wake, na mshauri wa naibu. Yupo afisa wa biashara, afisa wa itifaki, mwambata wa utamaduni ambaye ni shemeji wa mtu, na mwambata wa jeshi la majini. Nchi hii haina bahari, lakini anasema yuko tayari. Madereva ni watatu, gari moja. Mimi ni Katibu wa Tatu. Wa Pili yuko likizo tangu nifike.

Usicheke. Balozi hutueleza kila Jumatatu: nchi isiyo na ubalozi ni sawa na mtu asiye na kiti kikaoni, wenzake wanagawana yeye kasimama mlangoni. Hapa Vienna kuna mashirika makubwa ya dunia, na kura yetu ni moja sawasawa na ya taifa lolote. Tunatafuta soko la vanila. Tunalinda raia wetu, ambao katika nchi hii ni thelathini na wanne, ukituhesabu na sisi.

Gharama ni kubwa, sikatai. Mwaka jana, nilipokuwa nimefika tu, wizara ilituagiza tubane matumizi. Tulikaa vikao vitatu, kisha tukamwachisha kazi Bi Hedwig, mwanamke wa hapa aliyekuwa akipokea simu na kusoma barua za Kijerumani. Kodi ya nyumba ya Balozi haikuguswa, kwa kuwa ni heshima ya taifa. Anayesoma Kijerumani sasa ni mimi, kwa msaada wa kamusi.

Kuhusu Baba Mdogo, usiwe na wasiwasi. Mahali ni pazuri, pametulia, pana miti mirefu. Nitalifikisha jambo lako kikaoni.

Mwanao,
Jato


Ambositra, 7 Januari 1997

Jato,

Mwaka mpya umetukuta salama. Mtoto wa Nivo ameota jino. Ng'ombe wa baba yako, yule mwenye nundu iliyolala, amevunja ua wa Mama Lalao akala mihogo, na sasa wazee wawili hawasalimiani. Hii nimeituma kwa posta ya kawaida, kwa stempu ya mfuko wangu. Ikifika kabla ya lakiri zenu, nijulishe.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na moja. Mtoto ambaye hajafanya kazi aliyopewa huwa anasifia daftari. Nilikuuliza kichwa kimeelekea wapi, ukanijibu miti.

Kumi na tisa! Shule yetu ya hapa ina walimu wanne na watoto mia mbili na themanini, na paa linavuja juu ya darasa la pili. Ninyi kumi na tisa mnalinda watu kumi na watano. Kila raia ana mlinzi wake na robo ya mwingine. Hao raia lazima wawe wamenona. Na huyo baharia wenu wa nchi kavu, muulize kama anaweza kuja kutuvushia mpunga mto ukifurika, maana huku maji yapo.

Hicho kiti mnachokalia kikaoni, Balozi wako anakitetea vizuri. Mimi sipingi kiti. Nauliza kwa nini kikaliwe na watu kumi na tisa, na kwa nini mkibana matumizi mnamfukuza yule mmoja anayejua kusoma. Debe tupu ndilo linalovuma, wala halikosi wa kulibeba.

Sanda ya Belo nimeiagiza kwa wafumaji wa Sandrandahy, hariri ya porini. Nataka jibu la maneno mawili: mashariki, au si mashariki.

Ravao


Vienna, 26 Februari 1997

Shangazi,

Barua yako ilifika kwa siku kumi na moja. Mfuko wa Januari haujafika hadi leo. Huku theluji bado ipo, nami nilikuwa na homa, sasa nimepona.

Njia ya mwongo fupi, nami nimefika mwisho wa yangu. Sikuwahi kumwekea Baba Mdogo maua. Sikuwahi hata kwenda. Kila Jumapili nilisema nitaenda ijayo, na nilipokuandikia mwaka juzi niliona ni uongo mdogo wa kukufurahisha. Juzi ndiyo nimekwenda kwa mara ya kwanza. Nilimtafuta mlinzi wa makaburi, akafungua kitabu, akanipeleka mstari wa saba. Juu ya jiwe pana jina la mwanamke: Gerda Leitner, amezikwa Oktoba iliyopita.

Kaa chini kabla hujaendelea. Huku makaburi hupangishwa, Shangazi. Ya kwetu hujengwa yadumu kuliko nyumba, lakini huku mtu hulala kwa mkataba wa miaka kumi, na ndugu wasipoongeza muda nafasi anapewa mwingine. Aliyempangia Baba Mdogo ni ubalozi. Mkataba uliisha Februari mwaka jana.

Walituandikia. Barua ya kwanza ilikuja Bi Hedwig akiwa ameshaondoka, nikaitafsiri mimi. Ilitaja namba ya kaburi tu, jina hapana. Niliisoma kikaoni Jumatatu: lipeni pango la kaburi namba fulani, la sivyo litapangishwa upya. Chumba kizima kikacheka. Balozi akafuta machozi, akasema, "Hawa matapeli wamekosa la kutuuzia. Nani duniani anampangishia maiti?" Mshauri akasema wataleta na bili ya umeme wa marehemu. Nami nilicheka, Shangazi, kwa sauti. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuamini kwamba kitu hicho kipo. Zikaja barua mbili zaidi, nikazitia kwenye droo.

Mlinzi anasema mifupa haikutupwa. Ipo palepale, imeshushwa chini zaidi, na huyo mama yuko juu yake. Inaweza kutolewa iwapo mume wa mama huyo atakubali na ubalozi ukithibitisha kwa barua kwamba aliyeko chini ni raia wetu na ndugu zake wanamtaka. Jambo liko mezani kwa Balozi. Linashughulikiwa.

Jato


Ambositra, 12 Mei 1997

Jato,

Baba yako anakohoa. Nivo anakusalimu. Mpunga umetoka vizuri. Hizo ndizo habari za nyumbani, na wewe umejiondoa mwenyewe katika wanaopaswa kuzijua.

Barua yangu ya Machi hukuijibu. Nikasema labda mfuko wenu umemsindikiza tena mke wa mtu. Nikapanda gari na goti langu hili mpaka Antananarivo, wizarani. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi wakafunga. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akapita karani mmoja, binti wa Sandrandahy, akanitambua, nilimfundisha hesabu. "Mwalimu, unangoja nini hapa?" Nikamwambia namngoja mdogo wangu.

Akaniletea faili. Ninyi watu hamfanyi kazi, lakini mnapenda nakala. Kila karatasi mnaitoa nne, moja inakuja wizarani, na wizarani hakuna anayesoma. Mimi nilisoma. Ipo barua ya tarehe kumi na nane Machi kwa wenye makaburi: ubalozi umechunguza kwa kina na hauna raia wake yeyote aliyezikwa mahali hapo. Chini pana muhuri. Juu ya muhuri pana sahihi, kwa niaba ya Balozi. Ile "J" yenye mkia mrefu nilikufundisha mimi, mezani kwangu, ukiwa na miaka sita.

Binti yule alidhani naumwa. Akaniletea maji. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba Balozi wenu anatazamia kupandishwa kituo kikubwa zaidi, na hataki wizara iulize barua za kaburi zilikuwa kwenye droo ya nani.

Kwa hiyo umemuuza Belo ili ubaki kwenye joto la ofisi. Belo aliyekuwa akikutumia viatu kila Krismasi.

Niliwaeleza wazee, sikuficha. Unajua sheria ya kwetu bila kukumbushwa. Aliyemkana marehemu wake hana kitanda kaburini. Atazikwa nje ya ukuta, peke yake, na hatafunuliwa wala kuvikwa na mtu. Wamesema watalitamka jina lako siku ya tarehe tisa, mbele ya watu wote. Sikukutetea.

Ravao


Vienna, 2 Juni 1997

Shangazi,

Sahihi ni yangu. Balozi alisema nikikataa nitarudishwa kwa ndege ya wiki hiyo, nami nikaogopa. Sina neno la kuongeza juu ya hilo.

Usiwaambie wazee wanisubiri mimi. Waambie wasubiri sanduku.

Jato


Vienna, 30 Julai 1997

Shangazi,

Natumaini baba anakohoa kidogo kuliko mwezi Mei. Huku ni joto, makoti yote mawili nimeyatundika.

Baba Mdogo yuko njiani. Nitakueleza yalivyokuwa, kwa kuwa wengine watakueleza tofauti.

Nilimtafuta kwanza Bwana Leitner, mume wa yule mama. Ni dereva wa tramu aliyestaafu, anaishi chumba kimoja na jikoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, kwa adabu zetu zote, nikizunguka mbali kabla ya kugusa jambo. Akanikatiza. "Yaani mna mtu wenu chini ya Gerda?" Nikasema ndiyo. "Na mnamtaka?" Ndiyo. "Mchukueni basi. Gerda mwenyewe hakupenda kubanana." Akatia sahihi juu ya meza ya kulia chakula, ukoko wa mkate ukiwa kando. Dakika kumi hazikufika. Kisha akaniuliza, "Ninyi mlikuwa wapi miaka yote hii?"

Ilibaki barua ya ubalozi. Muhuri hukaa mezani kwangu, kwa sababu wengine hawana la kugonga. Nikaandika kwamba barua ya Machi ilikuwa ya uongo, kwamba aliyelala pale ni Randriambelo wa Ambositra, mpishi wa ubalozi huu, na ndugu zake wanamdai. Nikatia sahihi kwa niaba ya Balozi, nikagonga, nikaipeleka kwa miguu. Safari hii sikutoa nakala.

Walimtoa tarehe nane Julai asubuhi. Bwana Leitner alikuja na chupa ya chai, akasimama nami mpaka mwisho. Kutoka ubalozini hakuja mtu.

Wiki moja baadaye wenye makaburi wakatuandikia kutupa pole, na barua ikanijia niitafsiri kikaoni. Niliisoma yote. Nilidhani ndiyo siku yangu ya mwisho. Balozi akauliza, "Ambositra si ndiko anakotoka naibu waziri?" Mshauri akasema ndiko. Basi, Shangazi, ikawa operesheni ya taifa. Ujumbe wa watu sita unamsindikiza mtumishi shupavu wa nchi, kila mmoja na posho yake, kwa sanduku lenye uzito wa kilo tisa. Mwambata wa majini yumo. Waliosalia wakaomba likizo kwa huzuni.

Nimeachwa peke yangu kulinda ofisi. Siku ya kumi na mbili leo, na hakuna serikali wala shirika lililogundua. Pasipoti zinatoka siku ileile. Nimemwalika Bi Hedwig chai, tukafungua droo zote. Palikuwa na kampuni iliyotaka vanila yetu tani nne. Muda wa kujibu ulipita mwaka jana. Palikuwa na mwanafunzi wetu aliyelazwa hospitali akiomba atembelewe. Bi Hedwig alipiga simu: alipona mwenyewe, akarudi nyumbani Desemba.

Uliniuliza zamani kwa nini tuko kumi na tisa. Nimekaa peke yangu humu nikiwaza. Mmoja anahitajika, Shangazi, hilo nimeliona kwa macho, wakati mwingine hata wawili. Waliobaki wapo ili yule mmoja akifanya kosa asijulikane ni nani.

Wakirudi nitaitwa nyumbani kwa kutumia muhuri bila idhini. Sijali. Ninachokijali ni kile wazee watakachotamka tarehe tisa. Sina wa kunisemea huko isipokuwa wewe, na wewe nilikudanganya kwanza.

Jato


Ambositra, 18 Agosti 1997

Jato,

Watu wameondoka, masufuria yameoshwa, sauti imenikauka kwa kuimba. Baba yako alicheza, kikohozi chote akakisahau. Yeye na Mama Lalao wamesalimiana mbele ya nyama.

Wajumbe wako walifika kwa magari matatu. Tuliwakalisha mkekani kama wageni wengine, wakala wali wenye mafuta na nguruwe, na huyo baharia akarudia mara tatu, nadhani ndiyo vita yake ya kwanza. Kisha Balozi akasimama kuhutubia. Akaanza kwa kuomba radhi, kama inavyotakiwa. Akaomba radhi kwa udogo wake mbele ya wenye mvi, kwa kutangulia kusema, kwa jua na kwa vumbi la magari. Dakika ishirini nzima. Nilikuwa nahesabu, nikingoja afike kwenye miaka kumi na moja. Hakufika. Akamaliza kwa kumsifu Randriambelo kama dereva hodari. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Alikuwa mpishi, mheshimiwa. Ndiyo maana mabalozi watatu walinenepa." Watu wakacheka mpaka naibu waziri akainamia sahani yake.

Sanduku nililifungua mimi. Nilianza na bega la kushoto, nikapapasa kwa vidole polepole. Alianguka kutoka mgongoni mwa ng'ombe akiwa na miaka tisa, mfupa ukaunga vibaya, ukaacha kinundu. Kipo. Nikalia, Jato, nililia kama mtoto wa Nivo. Tukamvika hariri, tukambeba mabegani, tukazunguka naye mara saba. Sasa amelala kitandani kwake.

Kabla mlango haujafungwa, wazee wakakutaja. Mkubwa wao akasema jina lako lifutwe. Ndipo niliposimama. Niliwaambia: wale kumi na wanane wa ubalozini hawakumkana Belo kwa mkono wao wala hawakumleta. Hawakufanya lolote, na leo wamekula nyama yetu. Huyu mmoja alimkana na huyuhuyu akamleta. Mkitaka kufuta, nikasema, anzeni na waliokaa mkekani. Wakabishana mpaka jua likageuka. Mwisho wakanikubalia nusu.

Utalala kaburini mwetu. Lakini kitanda cha chini kabisa, kando ya mlango, mahali ambapo maji ya mvua huingia na asiyejua kanuni huweka mguu. Belo yuko juu yako, na hapo ndipo atakapokaa. Nimeona ni haki, nami ndiye niliyekichagua.

Wakikurudisha, usipitie wizarani kujieleza. Njoo moja kwa moja, kabla mvua hazijaanza. Kizingiti cha kaburi kimebomoka upande wa kulia, na hakuna atakayekiziba vizuri kuliko mtu atakayelala hapo.

Shangazi yako,
Ravao